Mawimbi Chini ya Milima ya Upare

Msafiri atokaye Same kwenda Moshi kwa barabara kuu, akiisha kupita Lembeni na Mwanga, huwa na safu ya Usangi na Ugweno mkono wake wa kulia hata afikapo Kifaru, ambapo milima ya Upare ya Kaskazini inaanza kukoma, uwanda unafunguka kuelekea Kahe, na Mlima Kilimanjaro, siku ambayo mawingu yameuachilia, unasimama mbele yake mzima. Mkono wa kushoto ni bonde la mto Ruvu na bwawa la Nyumba ya Mungu. Nyuma ya milima, upande wa mawio ya jua, ni ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Uwanda huu ni mkavu, na sababu yake haina siri: pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda migongo ya milima kwa upande wa mashariki, zikaacha mvua yake huko juu kwenye migomba na mifereji, kisha zikashuka huku hali zimekwisha kukamuliwa. Kama milima hiyo inavyowazuilia mvua watu wa bondeni, ndivyo inavyowazuilia mawimbi ya redio na ya simu, na tarikhi ya mawasiliano yasiyo na waya katika sehemu hii haiwezi kueleweka mpaka jambo hilo liwekwe mbele ya mengine yote.

Aghalabu tarikhi ya namna hii huandikwa kama orodha ya vyombo vilivyoletwa: mwaka fulani ikaja simu, mwaka fulani redio, mwaka fulani intaneti. Mimi naona kwamba yapo mambo mawili yenye uzito zaidi. La kwanza ni kwamba katika muda wa karne moja na ushei mawimbi yanayotuhudumia yamekuwa yakifupika bila kukoma, kutoka urefu wa mamia ya mita hadi sentimita chache, na kila yalipofupika yalipata nafasi ya kubeba habari nyingi zaidi na kupoteza uwezo wa kupita vizuizi. La pili ni kwamba watu wa nchi kama hii, ambao hawakupata kuulizwa na waliotengeneza vyombo hivyo, walijifunza wenyewe ilimu ya kuyatafuta mawimbi, na ilimu hiyo, iliyokaa vichwani mwa wasikilizaji na mikononi mwa mafundi, ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji leo mwenye nyumba ambaye mtandao wake unafika sebuleni na kufia mlangoni mwa chumba cha kulala.

Kabla ya mawimbi palikuwa na waya. Kebo ya simu ya maandishi ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879, ikaendelea kusini hata Durban. Mwaka 1890 ikavuka mlango wa bahari kufika Bagamoyo na Dar es Salaam. Na Wajerumani walipoijenga reli kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, nguzo za simu zilikwenda sambamba nayo, zikapita uwanda huu. Waya ni mtumishi mwaminifu, ila hufika pale tu ulipowekewa nguzo, na nguzo ziliwekwa kwa ajili ya stesheni na boma. Mkulima wa Ugweno aliweza kuiona simu kwa macho kule bondeni miaka hamsini bila kupata hata neno moja kutoka kwake. Habari zake zilikwenda kwa miguu, na wala zisidharauliwe kwa hilo: mwaka 1945, Wapare walipoikataa kodi iliyoitwa mbiru na kukusanyika kwa maelfu Same, wakikaa huko kwa miezi, mashauri yao yalipanda na kushuka milima yote kwa vinywa vya watu, na serikali yenye simu na reli ikashindwa kuwatawanya upesi.

Mawimbi yenyewe yalikwisha kuthibitishwa na Heinrich Hertz, Mjerumani, mwaka 1888, na Guglielmo Marconi, Mtaliani, akayavusha Bahari ya Atlantiki mwaka 1901. Katika nchi yetu dola ya Kijerumani ilisimamisha mitambo ya simu ya upepo Mwanza na Bukoba mwaka 1911, kisha Dar es Salaam mwaka 1913. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam tarehe 8 Agosti, na lengo lake kubwa lilikuwa mtambo huo wa mawimbi, ambao Wajerumani waliuangusha mnara wake wenyewe usitwaliwe. Vita hivyo vilifika hapa kwa miguu na kwa reli: Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Smuts na ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalipambana Kahe, na mwezi wa Mei Waingereza wakateremka kwa kuifuata reli chini ya milima ya Upare. Mitambo ya enzi ile ilitumia mawimbi ya mamia na hata maelfu ya mita, yenye kutambaa juu ya uso wa ardhi na kuviinamia vilima, lakini uwezo wake ulikuwa ni kupeleka alama za nukta na mistari tu. Yalifika mbali sana yakiwa na maneno machache.

Sauti ya binadamu ilikuja baadaye. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalitwaa, likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini kutangaza ni jambo moja na kusikiwa ni jingine. Redio za kwanza zilikuwa na taa za kioo ndani yake, nzito, zenye kula umeme ambao vijijini haukuwako. Kilichoifanya redio iwe mali ya mkulima ni transista, kijidude kilichobuniwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, kisichohitaji zaidi ya betri chache za tochi. Miaka ya 1960 na 1970 redio ndogo za namna hiyo zilienea nchini, nyingine zikiunganishwa katika kiwanda cha Philips kilichokuwa Arusha, na kuwa na redio kukawa na heshima yake, maana mwenye redio hakusikiliza peke yake.

Hapo ndipo ilimu ninayoisema ilipopata madarasa yake. Mawimbi ya kati, yenye urefu wa mita 300 hivi, mchana hutambaa juu ya ardhi na kuchoka. Jua likizama, lile tabaka la anga linaloyameza hufifia, nayo yakapanda, yakarudishwa chini na tabaka la juu zaidi, yakaangukia nchi za mbali. Mawimbi mafupi, ya mita 25, 31 au 49, tarakimu ambazo wazee wetu walizisoma kwenye uso wa redio pasipo kuelezwa maana yake na mtu, huishi kwa kurudishwa huko angani usiku na mchana, ila kila saa ina urefu unaoifaa. Kwa sababu hii msikilizaji wa chini ya Kindoroko, kilele kinachopita mita 2,100, aliweza kukosa sauti iliyotoka karibu na kuipata kwa ufasaha ile iliyotoka Addis Ababa, zaidi ya kilomita 1,300, kwa kuwa hii ya mbali ilimwangukia kutoka juu, nayo milima haizuii kishukacho kutoka mbinguni. Mfano huu sikuuchagua ovyo: kuanzia mwaka 1963 hata serikali ya Ethiopia ilipokitwaa mwaka 1977, kituo cha Walutheri cha Addis Ababa kilitangaza kwa Kiswahili vipindi vilivyotayarishwa katika studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi, hata neno lililosemwa Moshi, mwendo mfupi tu kutoka Kifaru, likazunguka hadi Uhabeshi kabla ya kurudi masikioni mwa Mpare.

Msikilizaji hakuwa na habari ya matabaka ya anga, lakini alikuwa na maarifa. Alijua kwamba redio ikigeuzwa ubavu hupata nguvu au huipoteza. Kwamba waya wa shaba ukifungwa kwenye eriali na kutundikwa mtini huongeza usikivu. Kwamba betri zilizochoka zikianikwa juani hutoa jioni moja au mbili zaidi. Kwamba kituo kinachopotea saa moja usiku huenda kikapatikana saa mbili mahali pengine pa kipimo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 katika Tanzania nzima walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hesabu ya namna hiyo haifikiwi kwa nguvu ya mtambo peke yake. Katika kila kikundi ilipasa awepo mtu wa kuishikisha redio na kuitunza isipoteze kituo katikati ya somo.

Na redio ilipokufa alikuwako fundi. Mintarafu ya mafundi redio vitabu vyetu vimeandika kidogo mno, na jambo hilo linanisikitisha, kwa kuwa sijui kundi jingine la watu lililofanya kazi kubwa zaidi ya kuifasiri sayansi ya karne iliyopita kwa watu wa kawaida. Meza yake ilikuwa barazani. Chuma chake cha kulehemu kilipashwa kwenye jiko la mkaa. Akiba yake ya vipuri ilikuwa ni mizoga ya redio zilizotangulia. Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na unastahili kuandikwa kinaganaga. Hakufungua redio kwanza. Alianza kwa betri, kisha vyuma vinavyogusana na betri, ambavyo hushika kutu. Kisha waya wa kipaza sauti, kisha swichi. Akijaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja na kungoja jibu lake kabla ya kugusa cha pili. Alitofautisha redio iliyonyamaza kabisa na redio yenye kufanya mvumo bila kituo, kwa kuwa ya kwanza imekosa nguvu na ya pili ina nguvu ila haipokei. Tofauti hiyo moja ilimpunguzia nusu ya kazi.

Ya simu za mkononi nitayapita kwa haraka, maana yangali machoni pa wengi. Shirika la posta na simu liligawanywa mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Mobitel ilianza huduma Dar es Salaam. Vodacom ikafuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001, na minara ikapanda kandokando ya barabara kuu kabla ya kupanda milimani. Mawimbi ya simu za kwanza za dijitali, katika masafa ya megahezi 900, yana urefu wa sentimita 33 hivi. Hayatambai juu ya ardhi, wala hayarudishwi na anga. Hufika pale tu mnara unapoweza kupaona, au karibu na hivyo. Kwa hiyo katika vijiji vya Upare ukawapo mtindo wa kuwa na mahali pa kushikia mtandao, penye mwamba, kichuguu au bega la mlima, na watu wakapajua kwa usahihi wa hatua mbili tatu, kama wazee wao walivyojua upande wa kuigeuzia redio. Intaneti nayo, ambayo Arusha ilitanguliwa na jumuiya iitwayo Arusha Node Marie tangu mwaka 1994, ilikuwa ghali na ya kusinzia hata nyaya za nuru za chini ya bahari zilipofika pwani yetu, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tangu hapo bando la simu likawa kitu cha dukani, na ruta ndogo yenye laini ndani yake ikaingia majumbani.

Ruta hiyo imeleta hatua ya mwisho ya mfupiko wa mawimbi, na asili yake yafaa ielezwe. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliyafungua kwa matumizi ya watu wote, pasipo leseni, masafa ambayo yalikuwa yamewekwa kando kwa mashine za viwandani na hospitali, miongoni mwake yale ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa pia na majiko ya mikrowevu. Makampuni yakatengeneza vyombo vya kuunganisha kompyuta kwa mawimbi hayo, lakini kila kampuni kwa lugha yake, hata chombo cha mmoja kisisikilizane na cha mwingine. Ndipo taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ikaunda kamati, nambari 802.11, iliyoongozwa tangu mwaka 1990 na Vic Hayes wa Uholanzi, nayo ikachukua miaka saba kukubaliana. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 1997, kilipitisha megabiti 2 kwa sekunde. Cha mwaka 1999, chenye herufi b, kilifika 11. Cha mwaka 2003, chenye g, 54. Cha mwaka 2009, chenye n, kiliweza kufika 600 kwa kutumia antena kadhaa kwa pamoja. Cha mwaka 2013, chenye ac, kilikaa katika gigahezi 5 pekee. Na cha mwaka 2021, chenye ax, kimekusudiwa nyumba zenye vyombo vingi. Mwaka 2018 wenye jina la Wi-Fi waliamua kuviita kwa tarakimu badala ya herufi, hata n ikawa Wi-Fi 4, ac ikawa 5, na ax ikawa 6, na kwa mnunuzi wa kawaida hilo lilikuwa tendo la hisani.

Miaka saba ya kubishana yaonekana mingi, lakini matunda yake ni makubwa: simu iliyotengenezwa mbali na ruta iliyotengenezwa kwingineko, zisizopata kuonana, huamkiana katika nyumba ya Kifaru kana kwamba zimelelewa pamoja, na ruta mpya hukubali kusema pole pole na simu kuukuu ili isiiache nje. Hisani hiyo ina gharama yake. Hewa ni moja, na vyombo vya masafa hayo hupokezana zamu. Simu ya kale inayosema kwa kasi ndogo huishikilia zamu yake muda mrefu, na vyombo vyote vingine vya nyumba vikangoja. Mwenye nyumba akiona mtandao umezubaa mchana kutwa, na achunguze kama hakuna chombo kikongwe kilichounganishwa pembeni pasipo kutumiwa.

Sasa tazama urefu. Wimbi la gigahezi 2.4 lina sentimita 12 na nusu; la gigahezi 5 halizidi sentimita 6. Tumetoka kwenye wimbi la mita 300 lililokuja kutoka Dar es Salaam na kufika kwenye wimbi ambalo ukuta wa tofali za kuchoma hulidhoofisha, zege lenye nondo hulikatisha, na bati hulirudisha lilikotoka. Wimbi la 5 ni jepesi wa kubeba na dhaifu wa kupita; la 2.4 lina kasi ndogo zaidi lakini hufika chumba cha pili. Hivyo simu ya zamani isiyojua gigahezi 5 haitaliona kabisa jina la mtandao ikiwa ruta imewekwa kutangaza huko tu, na mwenyewe atadhani imeharibika, ilhali ni nzima.

Utaratibu wa fundi redio unafaa hapa neno kwa neno. Lile analopaswa mtu kulitenganisha kwanza ni safari mbili ambazo wengi huzichanganya: safari ya kutoka simu hadi ruta, na safari ya kutoka ruta hadi mnara. Alama za Wi-Fi zikijaa kwenye simu nazo kurasa hazifunguki, safari ya kwanza ni salama na kosa liko katika ya pili: bando limekwisha, laini imelegea, au mnara umelemewa kama ilivyo desturi jioni watu warudipo makwao. Alama zikiwa haba au zikipotea ukivuka mlango, kosa ni katika safari ya kwanza. Isogelee ruta ukiwa na simu mkononi. Ikiwa hapo karibu mambo ni mazuri, ukuta ndio wenye hatia. Basi ruta iondolewe nyuma ya televisheni na kabati la chuma, ipandishwe juu ya kimo cha mtu, iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnara ulipo, na si kando ya dirisha lolote tu, kwa kuwa katika uwanda huu dirisha linaloelekea milima huenda likatazama upande usio na kitu. Ikiwa majirani nao wana ruta zao, mkondo ubadilishwe: katika gigahezi 2.4 mikondo ya 1, 6 na 11 ndiyo isiyogongana, na kuchagua wa 3 ni kuwaudhi wa pande mbili. Nywila nayo ilindwe kwa ulinzi wa WPA2 uliokuja mwaka 2004 au WPA3 wa mwaka 2018, kwani ule wa kwanza, WEP, ulivunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001, na mtandao ulio wazi hunywewa bando lake na wapita njia.

Kuzima na kuwasha, dawa inayotolewa na kila mtu, si uchawi wala uvivu. Ruta ni kompyuta ndogo. Kumbukumbu yake hujaa, na miadi yake na mnara huweza kuharibika bila yenyewe kutambua. Ikizimwa na kuachwa kitambo, kisha ikawashwa, hujitambulisha upya. Ila ikihitaji dawa hiyo kila siku, huo ni ugonjwa mwingine, na katika joto la Kifaru na umeme wake wenye kupanda na kushuka, ugonjwa huo mara nyingi hauko katika mawimbi hata kidogo. Fundi akiifungua adapta, au ruta yenyewe, hukuta kapasita imevimba kichwani kwa joto, sehemu ndogo ya mviringo yenye thamani duni, ambayo fundi redio wa miaka ya 1970 aliitoa kwenye redio zilizokuwa zikivuma bila kituo, akaweka nyingine, akalehemu, akamrudishia mtu chombo chake siku ile ile.